Mbuzi Aliyelamba Cheni

Wewe unayenisikiliza, kama nyumbani kwako kuna baiskeli, nenda kwanza ukaiangalie cheni yake, kisha urudi tukae. Nitakungoja. Pitisha kidole juu ya pingili moja tu. Kidole kikirudi cheusi, hayo ni mafuta na vumbi, wala si jambo baya sana. Kikirudi chekundu, rangi ya udongo wa barabara ya Koboko, hiyo ni kutu, na sasa tuna la kuzungumza.

Mimi si fundi. Lakini kuna msimu mmoja wa mvua, katika ile miaka ya sabini, ambapo kutu ya cheni moja ilinishughulisha akili kuliko kitu kingine chochote duniani. Nilikuwa nimemaliza shule Arua na nimerudi Koboko kukaa na haboba. Haboba ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi. Wangu alikuwa mjane wa askari, na binti wa askari pia, mwanamke mfupi mwenye mikono isiyoogopa moto. Nyumbani tulikuwa watatu: yeye, mimi, na mjomba wangu, mwanawe wa mwisho, ambaye alikuwa hajaoa na hakuonyesha dalili ya kuwa na haraka.

Tuliishi kwa kisra. Kama hujawahi kuila, nikueleze. Unachukua unga wa mtama, unauchanganya na maji na kuuacha uchachuke, kisha uji huo mwepesi unaumwaga kidogo kidogo juu ya bamba la chuma lililopata moto. Unautandaza upesi kwa kipande cha ukuti, na kabla hujamaliza kuvuta pumzi limekwisha kuwa jani jembamba, laini, lenye ukali kidogo mdomoni. Haboba alianza kupika kabla ya adhana ya alfajiri. Mjomba alizipanga kisra ndani ya ungo, akazifunika kwa kawa la kusuka, akafunga mzigo kwenye keria ya baiskeli na kuupeleka Oraba, mpakani. Huko kulikuwa na hoteli ya chai ya mama mmoja, na madereva wa malori waliotoka upande wa Sudan hawakutaka kitu kingine asubuhi ila kisra na mchuzi wa bamia.

Tabu ya kisra ni kwamba haina subira. Asubuhi ni laini kama kitambaa. Jua likipanda, kingo zinakauka na kuvunjika. Kwa hiyo riziki ya nyumba yetu ilikuwa mambo mawili tu: Haboba apike mapema, na mjomba afike mapema. La kwanza halikuwahi kutushinda.

Siku cheni ilipokatika, mjomba alikuwa kwenye mwinuko, njiani. Aliisukuma baiskeli kwa mguu mpaka Oraba. Mama wa hoteli alifunua kawa, akachukua kisra moja, akaikunja, nayo ikavunjika mkononi mwake. Mjomba mwenyewe ndiye aliyetusimulia jioni, akiwa amekaa kwenye kizingiti na hataki kula.

"Akaniambia, 'Bwana Kisra, leo umeniletea majani ya kuwashia moto?' Nikamwambia cheni ilikatika. Akasema, 'Madereva yangu hapana kula cheni.'"

"Na wewe ukasema nini?" Haboba akamuuliza.

"Ningesema nini? Watu walikuwa wanacheka. Halafu akasema kule Kaya iko mwanamke mmoja anapika kisra, anavuka mpaka kwa mguu. Akasema, 'Mguu yake haina cheni. Ukichelewa tena, Bwana Kisra, mimi nitachukua ya yule.'"

Haboba aliendelea kuchekecha unga, lakini nilimwona amechekecha unga uleule mara ya pili.

Fundi baiskeli wa sokoni Koboko aliipokea cheni kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika panya. "Hii umeipeleka kuogelea?" akamuuliza mjomba. Pingili kadhaa zilikuwa nyekundu na ngumu, hazikunjiki. Nyingine zilikuwa safi kabisa. Alikata zile mbaya, akaziba pengo kwa pingili alizozitoa kwenye cheni kuukuu. "Sasa sikia. Mimi sina kipande ingine. Ikikatika tena, hapana kuja kwangu na machozi. Cheni mpya, usiulize Koboko. Uliza Arua. Na Arua ikikujibu, uje uniambie na mimi."

Nilikwenda Arua kuiuliza. Nilipanda lori la maharagwe, nikashuka mjini, nikapita duka kwa duka. Watu wa umri wangu wanakumbuka yalivyokuwa maduka ya miaka ile, baada ya Wahindi kufukuzwa na maduka kubadili wenyewe: rafu ndefu, na juu yake kitu kimoja kimepangwa na kurudiwa ili rafu isionekane tupu. Katika duka moja la vipuri kitu hicho kilikuwa kengele za baiskeli. Zilijaa ukuta mzima, zinang'aa.

"Cheni iko?" nikauliza.

"Cheni hapana. Kengele iko."

"Nitafanya nini na kengele, na baiskeli haiendi?"

"Utapiga, dada, watu wajue umesimama wapi."

Nilicheka, ingawa sikutaka. Nikarudi Koboko mikono mitupu, na njia nzima, nimekaa juu ya magunia, nilikuwa najiuliza swali ambalo wakubwa wangu hawakuwa wamejiuliza. Walikuwa wanauliza, tutapata wapi cheni nyingine? Mimi nilianza kuuliza, kwa nini hii inaota kutu, tena mahali pengine tu, na pengine haioti?

Mjomba alikuwa na jibu lake. "Ni mvua," alisema. "Barabara iko maji kila mahali." Jibu zuri, lakini halikutosha. Jirani yetu mmoja alikuwa akileta mihogo sokoni kwa baiskeli, katika mvua ileile na tope lilelile, na baiskeli yake aliiegemeza nje ukutani bila hata kuifuta. Nilikwenda kuitazama cheni yake. Ilikuwa chafu kama shimo la takataka, lakini kutu yake ilikuwa nyembamba, imeenea sawasawa, inatoka kwa kidole. Yetu ilikuwa na mabaka. Hapa pingili chache zimeliwa mpaka zimevimba. Kisha pingili nyingi nzima. Kisha tena mabaka. Mvua haichagui hivyo. Mvua ikinyesha, inanyeshea wote.

Haboba naye alikuwa na jibu lake, na alilitoa jikoni kwake. Lile bamba la kisra lilikuwa chuma pia, na ni la zamani kuliko mjomba. Lilikutana na maji kila siku, lakini kutu hakuna. Lilikuwa jeusi, linateleza kama kioo. Kila asubuhi kabla ya kumwaga uji alilipaka mafuta ya simsim, yaani ufuta, kwa kitambaa. "Chuma ni kama ngozi ya mtu," alisema. "Inataka mafuta. Cheni yako ina njaa." Basi akachukua kitambaa chake, akachovya kwenye simsim, akaipaka cheni yote, kwa ukarimu, huku mafuta yenyewe yakiwa adimu. Mjomba akaondoka asubuhi ananukia kama karamu.

Nikueleze kwa nini haikufaa, maana wengi bado wanafanya hivyo na mafuta ya kupikia. Juu ya bamba, simsim inapata moto mkali, inaiva, inageuka kuwa ngozi nyeusi iliyoshikana na chuma. Juu ya cheni hakuna moto. Mafuta yanabaki mabichi, yanaganda taratibu kama utomvu, na kila vumbi linalopita linakaribishwa. Baada ya siku chache cheni ilikuwa imevaa uji mzito wa kahawia. Tena mafuta hayo mazito hayaingii ndani, kwenye pini ambako pingili inajikunja. Yanakaa juu juu, kama mgeni asiyekaribishwa chumbani. Na chini ya uji ule, nilipoukwangua kwa kijiti, kutu ilikuwa palepale. Tena imeongezeka.

Sasa nimfikie mbuzi.

Tulikuwa na mbuzi jike mweupe mwenye tabia mbaya zote za mbuzi. Asubuhi moja mjomba alikuwa ameitoa baiskeli nje na kuisimamisha kwa stendi, akarudi ndani kuchukua kawa. Nilipotoka nilimkuta mbuzi amepiga magoti ya mbele, shingo imeingia chini ya fremu, analamba cheni kwa bidii na macho amefumba nusu.

"Ona adui yako!" nikamwita mjomba.

Akamfukuza kwa kandambili. "Simsim ya mama imemfundisha wizi," alisema. "Sasa nitaendesha kwa mate ya mbuzi."

Sote tuliamini hivyo, kwamba ni mafuta. Lakini kesho yake nilijificha nyuma ya mlango wa jiko nimtazame. Mbuzi alirudi. Hakulamba cheni yote. Kama angetaka simsim, simsim ilikuwa kila mahali. Cheni nzima ilikuwa karamu yake. Yeye alikwenda moja kwa moja mahali pamoja, upande wa juu karibu na pedali, akalamba hapo, kisha akalamba mkono wa pedali wenyewe, ambao haukuwa umepakwa mafuta hata kidogo. Na hapo nikakumbuka kwamba kabla ya simsim, nilikuwa nimemwona mara moja akiinusa baiskeli, nikadhani anajikuna tu.

Nilimsukuma, nikainama. Mkono wa pedali ulikuwa na doa la unga mweupe, kama alama ya chokaa. Niligusa kwa kidole, nikaweka kidole kwenye ulimi.

Chumvi.

Nilionja tena nisije nikawa nimejidanganya. Nikaonja pingili nyingine, mbali na pale: simsim na tope. Nikarudi palepale: chumvi, kali kabisa, yenye ladha ya chuma nyuma yake. Nilisimama pale uani na ulimi nje kama mbuzi mwenyewe, na mjomba akatoka akaniona.

"Wewe pia?" akasema. "Subhanallah. Simsim hii ina nguvu."

"Mjomba, baiskeli yako ina chumvi."

"Mimi nabeba kisra. Chumvi natoa wapi?"

Hapo hatukuhitaji kwenda mbali. Wakati ule chumvi ilikuwa kitu cha kufichwa. Dukani haikuonekana, na mtu aliyekutwa na nyingi angeulizwa kwa ukali ameitoa wapi, akaitwa mtu wa magendo. Wafanyabiashara wa upande wa Kongo walikuwa wakimpa Haboba chumvi, naye akiwapa kisra na simsim, na chumvi hiyo aliibadilisha tena kwa mtama na wakulima. Aliiweka ndani ya kikapu kikubwa cha ukindu, akakitundika darini katika chumba cha ndani, kile kisicho na dirisha. Na baiskeli, kwa kuwa wezi walikuwa wengi na yenyewe ilikuwa mali yetu kubwa, ililala wapi? Chumba hichohicho. Kila kitu cha thamani kilikuwa chini ya kufuli moja. Nyumba nyingi za Koboko zilifanya hivyo miaka ile, na hakuna aliyeona kosa.

Niliingia na taa mchana. Nikainua taa juu. Chini ya kikapu ukindu ulikuwa umelowa, mweusi, na kwenye ncha ya chini kabisa palikuwa na tone linaning'inia, linameta, halijaamua kuanguka. Nikashusha taa polepole, nikifuata njia ambayo tone lingepita. Iliishia mahali ambapo mjomba aliegemeza baiskeli kila jioni, juu ya cheni, karibu na pedali.

Nilifurahi sana, na furaha hiyo siisahau. Ilikuwa furaha ya kuona mambo yaliyotawanyika yakiitana. Kwa nini mabaka? Kwa sababu tone linaanguka mahali pamoja, lakini cheni inazunguka mchana kutwa, na kila jioni inasimama ikiwa imeweka pingili nyingine chini ya tone. Kwa nini msimu wa mvua? Kwa sababu chumvi ina kiu. Hewa ikiwa na unyevu, chumvi inaunywa, inalowa, inadondoka yenyewe bila mtu kuimwagia maji. Wewe mwenyewe umeona chumvi ya mezani inavyoshikana siku za mvua. Na tone la maji ya chumvi juu ya chuma halikauki vizuri kama la mvua, maana chumvi inazidi kuita unyevu. Chuma kinalala kimelowa, kinaamka kimelowa.

Kumweleza Haboba lilikuwa jambo lingine.

"Chumvi inahifadhi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetukaniwa ndugu. "Nyama, inahifadhi. Samaki, inahifadhi. Ngozi ya ng'ombe, inahifadhi. Leo iharibu chuma? Umesoma wapi hiyo?"

"Sijasoma, Haboba. Mbuzi kaniambia."

"Basi kaolewe na mbuzi, akufundishe na kupika."

Sikuwa na ushahidi zaidi ya tone moja, na nikaona haki yake kuutaka. Kwa hiyo nikatafuta misumari, nikaisugua kwa mchanga mpaka ikang'aa. Mmoja nikaulowesha maji ya mvua. Mmoja nikaulowesha maji ya chumvi. Mwingine nikauchovya kwenye chumvi, na juu yake nikapaka simsim, kama tulivyoifanyia cheni. Na wa mwisho nikauchovya kwenye chumvi vilevile, lakini baadaye nikauosha kwa maji ya moto, nikaukausha juani, ndipo nikaupaka mafuta. Nikaipanga yote juu ya jani la mgomba chini ya upenu.

Haboba alipita na sufuria, akasimama. "Watu wanakosa chumvi ya mboga," akasema, "na mtu yuko kwangu anaungia misumari." Lakini nilimwona akipita tena jioni bila sufuria, na asubuhi tena. Udadisi ni homa. Ukiingia nyumba moja haumpati mtu mmoja.

Msumari wa mvua ulipata wekundu kidogo. Wa chumvi ulivimba kutu kama kidonda. Huo haukumshangaza sana. Aliouchukua na kuushika kwa muda ni ule wa chumvi na simsim. Juu ulikuwa na mafuta, unateleza. Alipousugua kwa kidole gumba mafuta yakatoka, na chini yake kutu ikatokea, nyekundu, hai. Kisha akauchukua ule uliooshwa kwanza. Ulikuwa safi.

"Kumbe mimi nilifunga mlango," alisema polepole, "na mwizi yuko ndani."

Sijapata mtu aliyeeleza jambo hilo vizuri zaidi.

Wakati huo mama wa hoteli alikuwa ametuma maneno: Alhamisi malori mengi yatavuka pamoja, watu watakula mapema na kuondoka mapema, na yule mwanamke wa Kaya amekwisha kuambiwa aje na kisra zake asimame karibu. Tukaelewa. Ikiwa mjomba hatafika Alhamisi kabla madereva hawajanawa mikono, Oraba imekwisha kwetu. Na cheni ilikuwa na pingili tatu nne ambazo zilikuwa zinalia kwa kila mzunguko.

Mjomba aliposikia kwamba dawa yangu ni maji, alishika kichwa. "Maji ndiyo yameleta ugonjwa, sasa maji tena?"

"Maji ya moto, mjomba. Mafuta hayaondoi chumvi. Kinachoiyeyusha chumvi ni maji tu."

Akatoa kile kipini cha kufungia cheni, akaivua. Tuliilaza kwenye karai, tukaimwagia maji ya moto kutoka jiko la kisra, tukaongeza majivu. Sabuni haikuwepo, lakini majivu na mafuta ya simsim vikikutana katika maji ya moto vinakuwa jamaa wa sabuni. Ule uji wa kahawia ukaachia. Tulisugua kwa gunzi la mahindi. Tukamwaga, tukamimina maji mengine safi, tukamwaga tena. Nilikuwa naonja. Mjomba alisema sijawahi kuonja mchuzi wake kwa uangalifu huo. Nilipoonja na nisikute chumvi, nikasema basi.

Sasa ilibidi ikauke, na mbingu ilikuwa nyeusi. Jua hakuna. Cheni ina sehemu nyingi za kujificha, na maji yakibaki ndani ya pini, tumefanya kazi bure. Mimi na mjomba tukageuka pamoja kulitazama bamba la Haboba, ambalo lilikuwa bado na joto la asubuhi.

"Hapana," alisema Haboba kabla hatujafungua mdomo.

"Mama, moto umekwisha pungua..."

"Hapana. Bamba hii haijawahi kupika nyoka."

Kwa kweli cheni ilivyojikunja mikononi mwa mjomba ilifanana na nyoka. Ngurumo ikapita mbali, upande wa Kongo. Haboba akalitazama bamba, akaitazama mvua inayokuja, akaitazama cheni. Kisha akainyakua kutoka kwa mjomba, bismillah, akaizungusha mwenyewe juu ya chuma, mduara ndani ya mduara, kwa mkono uleule wa kutandazia kisra. Mvuke ukapanda. Akawa anaigeuza kwa ukuti. "Hii upande bado," alisema. "Ngoja. Bado." Alijua kukausha kitu bila kukiunguza kuliko sisi wote. Ilipoacha kutoa mvuke akaitoa, akaanza papo hapo kulisugua bamba kwa mchanga na majivu, na akasema tukimwambia mtu yeyote Koboko, kisra yetu hakuna atakayeila.

Mafuta tuliyotumia ni oili chafu ambayo mjomba aliiomba kwa dereva mmoja Oraba, ile inayomwagwa injini ikibadilishwa mafuta. Tuliichuja kwa kitambaa na kuiacha itulie mpaka uchafu ukae chini. Ile ya juu nyepesi tukaitumia. Haikupakwa kama simsim. Tulishika pingili moja moja, ikiwa bado na uvuguvugu, tukadondosha kidogo mahali pa pini, tukaikunja na kuikunjua mpaka ikawa laini. Zile zilizokuwa zinalia zilichukua muda. Moja ilikataa, mjomba akaisemesha maneno ambayo siyaandiki, kisha nayo ikakubali. Mwisho tukaifuta cheni yote kwa nje kwa kitambaa kikavu. Mjomba aliona tunaondoa tulichoweka, lakini mafuta yanayohitajika yako ndani. Ya nje kazi yake ni kukusanya vumbi.

Kikapu cha chumvi hakikuhama, Haboba hakutaka hata kulisikia. Baiskeli ndiyo iliyohama. Ikaenda kulala chumbani kwa mjomba, kando ya kitanda. "Wenzako wanaoa wanawake," Haboba akamwambia, "wewe umeingiza baiskeli ndani."

"Huyu hadai nguo ya Idi," mjomba akajibu.

Alhamisi mvua ilianza kabla hajaondoka. Tulifunika ungo kwa kawa, na juu ya kawa kwa kipande cha turubai. Alipanda, akakanyaga pedali, nami nikasikiliza. Hakuna kilio. Kulikuwa na mlio mdogo tu wa cheni ikipita kwenye meno, kama mtu anayesema siri, kisha mvua ikaufunika.

Asubuhi ile Haboba hakukaa. Alichekecha unga ambao hakuhitaji kupika. Mimi nilienda barabarani mara nyingi kuliko inavyompasa mtu mwenye kazi nyumbani, nikirudi na ndoo ya maji kama kisingizio, mpaka hatukuwa na pa kuweka maji.

Mjomba alirudi mchana, tope mpaka masikioni, na ungo mtupu. Alikaa kwenye kizingiti kilekile, na safari hii aliomba chakula kwanza.

"Yule wa Kaya alikuwepo?" Haboba akauliza.

"Alikuwa amekaa mlangoni na kikapu yake. Mwanamke mzuri tu, mpole. Madereva walikuwa wanashika birika wanawe mikono. Mama wa hoteli ananiona, anasema, 'Bwana Kisra, leo umeruka na mbawa?' Nikamwambia, 'Hapana, mama. Nimepanda cheni.' Akafunua, akakunja moja. Haikuvunjika."

"Halafu?"

"Halafu akachukua zote. Watu walikuwa wengi, hata za yule wa Kaya ziliisha; matingo wa malori walizinunua palepale mlangoni. Mama wa hoteli akasema kesho nije. Akasema tu hivyo: kesho."

Haboba akampakulia, akamjazia zaidi ya kawaida, kisha akaenda kuloweka mtama wa kesho. Cheni ile haikukatika tena kwa mvua ile yote. Kila Ijumaa mjomba aliporudi kutoka msikitini tuliifungua, tukaitazama pingili kwa pingili, na siku aliyobeba mzigo wa samaki wa chumvi wa mtu mwingine tuliiosha siku hiyohiyo, hatukungoja Ijumaa.

Sasa rudi kwenye baiskeli yako. Kama kidole chako kilitoka chekundu, usikimbilie kopo la mafuta. Vua cheni, ioshe kwa maji ya moto mara mbili, ikaushe kwa joto mpaka isitoe mvuke, kisha dondosha mafuta mepesi kwenye kila pini, na ufute yote yaliyobaki nje.